Mbio Katika Mwezi wa Kuuguza

Tarehe 20 Oktoba 1968, jijini Mexico City, Kipchoge Keino wa Kenya alisimama kwenye mstari wa mita 1,500 akiwa mgonjwa. Nyongo ilikuwa imemtesa wiki nzima. Kwenye mita 10,000 maumivu yalimwangusha ikiwa imebaki mizunguko michache, na madaktari wakamkataza kukimbia tena. Hakuwasikiliza. Alipata fedha ya mita 5,000, kisha siku hiyo akamwacha mbali Jim Ryun wa Marekani na kutwaa dhahabu kwa 3:34.9.

Siku hiyohiyo John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, Tanzania, alikuwa barabarani kwenye marathoni. Wakimbiaji walisukumana, akaanguka, goti likateguka. Alifungwa bendeji akaendelea. Ilikuwa imepita zaidi ya saa nzima tangu Mamo Wolde wa Ethiopia ashinde, Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea, gizani, wa mwisho kati ya waliomaliza.

Habari hizi nimezijua tangu utotoni kama habari za ushujaa. Mwezi huu, nikiwa nauguza, nazisikia tofauti. Naona historia ya mbio zetu imeandikwa mno kwa saa na medali, na homa zimewekwa pembeni kama ajali, ilhali homa zilikuwamo siku zote. Kwenye nyumba zetu hakuna msimu wa mazoezi usiopitiwa na ugonjwa, wa mkimbiaji mwenyewe au wa mtu wake.

Mama amelazwa hapa Moshi. Kabla hajapata nafuu, mtoto wa dada yangu akashikwa na malaria kali. Siku zimekuwa uji wa alfajiri, hotpoti ya mchana, foleni ya dirisha la dawa, na zamu za usiku wodini. Nilikuwa najiandaa kwa Kilimanjaro Marathon. Mbio ndefu za kupandisha Mweka nimeziacha bila majuto. Nilichobakiza ni kidogo: nikishamlisha mama uji, na mlinzi akatutoa ili madaktari wapite, nafunga raba nakimbia kutoka Shanty Town hadi mnara wa saa na kurudi.

Wifi yangu hakulipenda hilo. “Wifi, mama yuko kitandani, nawe unapata wapi moyo wa kukimbia?” Swali lake ni la haki. Kwetu mgonjwa huuguzwa kwa kuonekana. Anayetoka getini na raba huonekana kama anamkimbia mgonjwa. Nilimjibu kwamba nikirudi mgongo umelegea, namgeuza mama bila kuguna, na nawasikiliza ndugu wote wanaopiga simu kuuliza jambo lilelile.

Mama ndiye aliyenitetea, na alinitetea kwa kisa cha mkimbiaji wetu wa Tanzania, Filbert Bayi. Mwaka 1974 alikuwa msichana wa shule, na habari ya Christchurch waliipata kwa redio. Tarehe 2 Februari, fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, kijana huyo wa Karatu mwenye umri wa miaka 20 alifanya jambo ambalo wakimbiaji wa masafa ya kati waliliogopa: alitangulia tangu bunduki ilipolia na hakurudi nyuma ya mtu. Kawaida yao ilikuwa kuviziana hadi mzunguko wa mwisho. John Walker wa New Zealand alimfukuza hadi utepe, naye pia akavuka chini ya rekodi ya zamani ya Ryun. Bayi: 3:32.2, rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata, Kingston, akavunja na ya maili, 3:51.0.

Dunia ikangoja marudio yao Montreal mwaka 1976. Hayakuwapo. Tanzania ilisusia pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu. Vitabu huishia hapo. Lakini Bayi alikuwa ameugua malaria muda mfupi kabla ya michezo, na hilo kwangu ni kubwa kuliko linavyopewa nafasi: mshikilia rekodi ya dunia, mbu yuleyule, homa ileile iliyomlaza mtoto wetu. Walker alichukua dhahabu bila yeye.

Malaria haikummaliza. Moscow, mwaka 1980, Bayi alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na akakimbia vilevile: mbele, peke yake, akiwaacha wenzake mbali. Bronisław Malinowski wa Poland alimkamata kwenye mzunguko wa mwisho. Fedha. Suleiman Nyambui naye akaleta fedha ya mita 5,000, na hadi leo hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki za Tanzania.

Mama anashikilia kwamba Bayi angepata dhahabu kama angejizuia mwanzoni. Mimi namwambia asingejizuia, kwa sababu hivyo ndivyo alivyojua kukimbia. Jana tulilibishania hadi muuguzi akaja kubadilisha dripu, naye akasema yuko upande wa mama.