Wala mwani wa Ubwari

Mji wa Baraka uko kwenye Ghuba ya Burton ya Ziwa Tanganyika, ukitazamana na rasi ya Ubwari. Maji ya ziwa hilo yana madini mengi na pH yake hukaribia 9. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona konyeza humo, mnyama aliyejulikana baharini. J. E. S. Moore, Mwingereza aliyefika 1896 na 1899, akashikilia kwamba ziwa ni mabaki ya bahari ya kale. Dhana hiyo ilikataliwa baadaye, ingawa haikuwa ya kipuuzi.

Katika ziwa hilo mwani wa kwenye miamba hudhibitiwa na samaki wenyewe. Tropheus huung'oa kwa meno ya mbele. Petrochromis, mwenye midomo minene iliyojaa vijino vyembamba, huuchana mwani na kukomba mwani mdogo wa seli moja ulionasa humo. Mwingine, Variabilichromis moorii, hulinda kijishamba chake cha mwani na kuwafukuza wageni.

Mbelgiji Pierre Brichard, akiwa Bujumbura tangu miaka ya 1970, alisafirisha samaki hawa hadi kwenye matangi ya Ulaya na Marekani. Huko mwani ukizidi, dawa husaidia kidogo tu: hupunguzwa mwanga na chakula, na sehemu ya maji hubadilishwa mara kwa mara. Tropheus akilishwa nyama nyingi huvimba tumbo na kufa.

Ziwani tatizo ni kinyume. Utafiti uliochapishwa 2003 ulionyesha kuwa joto limepunguza mchanganyiko wa maji, virutubisho vya vilindini havipandi vya kutosha, na mwani unaotegemewa na ndakala (dagaa wa ziwa hilo) umepungua.