Chanjo ya Muguga na tuzo iliyochelewa miaka 37

Mwaka 1999, mjini Des Moines katika jimbo la Iowa nchini Marekani, daktari wa mifugo Mwingereza mwenye umri wa miaka 76 alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani pamoja na hundi ya dola 250,000. Jina lake Walter Plowright. Kazi iliyomfikisha pale aliifanyia Muguga, magharibi ya Nairobi karibu na Kikuyu, katika maabara iliyokuwa ikizihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1962. Tanganyika ilikuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru, na Kenya ilikuwa haijaupata.

Ni tuzo kubwa kuliko nyingi ambazo mwana wa taaluma ya mifugo anaweza kupewa, na ilimfikia aliyestahili. Hata hivyo, kila ninapoisoma historia yake naona upande wa pili ambao hotuba za siku kama ile haziugusi. Chanjo ilitoka kwenye chupa ya maabara ikaenda kuingia katika shingo za ng'ombe, kutoka Senegali hadi Somalia, na kila ng'ombe alishikwa na mtu na kudungwa sindano na mtu. Hao hawakuitwa Des Moines.

Ugonjwa wenyewe ni sotoka. Vijana wengi wa leo hawajausikia, na hilo pekee linaonyesha kazi ilivyofanikiwa. Ng'ombe mwenye sotoka alianza na homa kali, macho na pua vikachuruzika, vidonda vikajaa mdomoni kiasi cha kushindwa kula, kisha akaharisha hadi maji yakamwishia mwilini. Katika kundi ambalo halijawahi kuupata, siku chache zilitosha kuliacha zizi tupu.

Sotoka iliingia upande wetu wa Afrika mwaka 1887 kupitia bandari ya Massawa, Eritrea ya leo, pamoja na ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Italia. Ethiopia ikapata njaa kubwa kuliko zote inazozikumbuka. Kufikia miaka ya 1890 na 1891 ugonjwa ulikuwa umeshafika Umasaini, na kabla ya mwaka 1897 kwisha ulikuwa umefika Rasi ya Tumaini Jema. Sehemu nyingi zilipoteza ng'ombe 8 au 9 katika kila 10. Wamasai wanazikumbuka enzi hizo kwa jina la Emutai, kwa maana ya kufyekwa kabisa, kwani sotoka ya ng'ombe iliandamana na ndui na njaa ya watu. Mpelelezi Oscar Baumann alipopita nchi hizo miaka hiyo aliandika kwamba theluthi mbili ya Wamasai walikufa. Mkoloni aliyefika baadaye na kudai amekuta ardhi tupu alikuwa anatazama malisho ambayo wenyewe walikuwa wamekufa pamoja na mifugo yao.

Taaluma ya udaktari wa mifugo, na heshima zake zote, ina deni kwa ugonjwa huu. Chuo cha kwanza cha udaktari wa mifugo kilianzishwa na Claude Bourgelat mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, wakati sotoka ikiwamaliza ng'ombe wa Ulaya. Mwaka 1863 John Gamgee aliwaita madaktari wa mifugo wa mataifa mbalimbali mjini Hamburg, Ujerumani, na sotoka ikawa miongoni mwa hoja kuu za mkutano. Chama cha madaktari wa mifugo duniani kimezaliwa na mkutano ule, na mpaka sasa moja ya tuzo zake inaitwa kwa jina la Gamgee. Shirika la afya ya wanyama duniani nalo liliundwa Paris mwaka 1924, miaka michache baada ya ng'ombe waliokuwa wakisafirishwa kupitia bandari ya Antwerp kuirudisha sotoka Ubelgiji.

Pamoja na hayo yote, ilipofika zamu ya tuzo kubwa za dunia, mifugo ilisahaulika. Wosia wa Alfred Nobel ulitaja fizikia, kemia, tiba, fasihi na amani. Kilimo hakimo, ufugaji haumo. Daktari wa mifugo wa kwanza kupata Nobeli ni Peter Doherty wa Australia, mwaka 1996, naye aliipata katika kundi la tiba kwa kueleza jinsi kinga ya mwili inavyoitambua seli iliyovamiwa na virusi. Doherty ana uhusiano na kwetu pia: alikuwa mjumbe wa bodi ya ILRAD, maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo iliyokuwa Kabete, Nairobi.

Aliyeliziba pengo hilo ni Norman Borlaug, mtaalamu wa ngano aliyepata Nobeli ya Amani mwaka 1970 kwa sababu wakulima hawakuwa na Nobeli yao. Yeye ndiye aliyepigania kuanzishwa kwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1986. Tangu mwanzo tuzo hiyo iliwakumbuka wafugaji. Mwaka 1989 ilikwenda kwa Verghese Kurien, aliyewaunganisha wafugaji wadogo wa India katika vyama vya ushirika wa maziwa. Mwaka 1992 waliipata Edward Knipling na Raymond Bushland, Wamarekani waliobuni njia ya kuwafuga nzi madume kwa wingi, kuwahasi kwa mionzi na kuwaachia porini ili majike wanaopandana nao wasizae. Walikuwa wanapambana na nzi wa Marekani ambaye funza wake hula nyama ya mnyama aliye hai. Njia yao ilivuka bahari ikatufaa sisi: mbung'o walifugwa kwa wingi Tanga, wakahasiwa, wakapakiwa kwenye ndege na kumwagwa juu ya misitu ya Unguja. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa huru. Ningependa kila mwanafunzi wa sayansi Tanga aijue habari hiyo.

Turudi Muguga. Plowright hakukuta mahali patupu. Chanjo ilikuwepo, iliyotengenezwa kwa kupitisha virusi katika mbuzi mara nyingi, na Kabete ilikuwa ikiitoa kwa wingi. Ubaya wake ni kwamba ilikuwa kali. Ng'ombe aina ya zebu waliistahimili, lakini aina nyingine zenye kinga dhaifu, wakiwemo ng'ombe wa Ankole, ziliugua na baadhi kufa kwa chanjo yenyewe. Mfugaji aliyeona ndama wake amekufa baada ya sindano ya serikali hakuwa mjinga kulificha kundi lake safari iliyofuata.

Plowright na mwenzake R. D. Ferris walichukua virusi vilivyojulikana kama Kabete O, vilivyotunzwa Kabete tangu miongo ya mwanzo ya karne ya 20, wakavipandikiza katika seli za figo za ndama zilizooteshwa ndani ya mirija ya kioo. Virusi vilipoota vikahamishiwa kwenye mirija mipya, kisha mingine, mara 90 na zaidi. Kila hatua ilihitaji seli safi zisizo na uchafu wa bakteria, joto lisilopanda wala kushuka, na ng'ombe wa majaribio wa kuhakikisha kwamba hakuna kilichoharibika. Ni kazi ya kuinama mezani mwaka baada ya mwaka. Mwishowe vilipatikana virusi vilivyosahau kuua, ingawa mwili wa ng'ombe uliendelea kuvitambua. Chanjo hiyo ilifaa ng'ombe wa kila aina, ndama na ng'ombe mwenye mimba, ilitengenezwa kwa gharama ndogo, na kinga yake ilidumu maisha yote ya mnyama.

Kwenye viwanja vya Nanenane, na kwenye maonyesho ya kilimo ya Kenya, tumezoea tuzo za aina nyingine: fahali aliyeoshwa akang'aa, maziwa yaliyopimwa kwa lita, kikombe anachonyanyua mfugaji bora mbele ya mgeni rasmi. Nazipenda tuzo hizo, maana zinamtambua mtu mbele ya majirani zake. Kazi ya chanjo haina cha kupimwa kwenye mizani. Ushindi wake ni ng'ombe ambao hawakufa, na kamati yoyote hupata tabu kuuona ushindi wa namna hiyo. Nadhani hapo ndipo ilipopotelea sehemu kubwa ya ile miaka 37.

Sehemu nyingine ilipotea kwa sababu kazi ya porini ilikuwa ngumu kuliko ya maabara. Kampeni kubwa ya kwanza ya Afrika, iliyojulikana kama JP15, ilianza mwaka 1962 na kumalizika mwaka 1976. Sotoka ikapungua hadi serikali nyingi zikaamini imekwisha, bajeti za chanjo zikakatwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikarudi kwa kishindo kutoka maficho iliyokuwa imebaki Sudan Kusini na kwenye mpaka wa Mali na Mauritania. Tanzania iliiona tena mwaka 1982. Kampeni ya pili, PARC, ilianza mwaka 1986.

Ukitaka kuielewa kazi hiyo, itazame asubuhi moja ya chanjo. Kabla ya jua kupanda ng'ombe wanasukumwa kwenye njia nyembamba iliyozungushiwa miti, mmoja nyuma ya mwingine. Mchanjaji anafungua kichupa chenye unga mkavu, anauchanganya na maji ya chumvi yaliyokaa kwenye barafu, na tangu hapo anakimbizana na saa, kwa kuwa dawa iliyokwisha kuchanganywa haingoji hadi jioni. Mmoja anashika pembe, mwingine anavuta ngozi ya shingo, wa tatu anadunga mililita moja, wa nne anatoboa sikio ili aliyechanjwa ajulikane. Vumbi, mateke, ndama wanaolilia mama zao. Barafu ikiyeyuka njiani kwa sababu gari limekwama, kazi ya siku nzima imeharibika, na hakuna atakayejua mpaka ugonjwa urudi.

Tatizo la barafu lilipatiwa dawa na Jeffrey Mariner, daktari wa mifugo Mmarekani, aliyebadilisha namna ya kuikausha chanjo ya Plowright ili iweze kukaa wiki kadhaa nje ya jokofu. Sasa iliwezekana kubebwa kwa miguu au kwa ngamia mpaka kwenye maboma ambayo magari ya serikali hayakufika. Na nani aibebe? Wafugaji wenyewe. Katika nchi ya Waafar nchini Ethiopia, mwaka 1994, wafugaji 20 waliopewa mafunzo walichanja zaidi ya ng'ombe 70,000, na vipimo vilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 walipata kinga. Sudan Kusini, katikati ya vita, wahudumu wa namna hiyo walichanja zaidi ya ng'ombe milioni 1 kwa mwaka. Baadhi yao walikuwa hawajui kusoma. Waliijua sotoka kwa dalili zake zote, na hata pale ilipobaki ile isiyo kali, karibu na mpaka wa Somalia na Kenya, wataalamu waliifuatilia kwa kukaa na wachungaji na kuwauliza walichokiona.

Elimu ya wafugaji ilimsaidia Plowright pia, tena mapema. Wamasai walikuwa wakiwaondoa ng'ombe wao kwenye mbuga wakati nyumbu wanapozaa, kwani walijua ng'ombe anayelisha walipozalia nyumbu hupata ugonjwa mbaya wa macho na pua na kufa. Mwaka 1960 Plowright na wenzake wa Muguga walichapisha ushahidi kwamba virusi vya ugonjwa huo kweli hukaa ndani ya nyumbu bila kuwadhuru. Maabara ilithibitisha kile ambacho wazee walikuwa wakikiishi.

Nyumbu hao ndio wanaobeba ushahidi wa wazi zaidi wa chanjo ya Muguga. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Serengeti ilikuwa na nyumbu wapatao 250,000. Ng'ombe waliozunguka hifadhi walipochanjwa, sotoka ikaacha kuvuka kwenda kwa wanyamapori, na kufikia mwaka 1977 nyumbu walikuwa zaidi ya milioni 1.3. Hakuna nyumbu aliyedungwa sindano. Msafara mkubwa wa nyumbu ambao watalii huja kuutazama, na fedha zinazoingia kwa ajili yake, vimesimama juu ya mikono ya wachanjaji wa vijijini.

Sotoka ya mwisho kuthibitishwa duniani ilionekana mwaka 2001, kwa nyati wa Hifadhi ya Taifa ya Meru, Kenya. Tarehe 25 Mei 2011 shirika la afya ya wanyama lilitangaza kwamba imetoweka duniani, na mwezi uliofuata shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likathibitisha mjini Roma. Ni ugonjwa wa pili tu kufutwa na binadamu, baada ya ndui. Plowright hakuisikia habari hiyo, kwa kuwa alifariki Februari 2010.

Sasa zamu ni ya ndugu yake, sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyoingia Turkana mwaka 2006 na kuthibitishwa kaskazini mwa Tanzania mwaka 2008. Chanjo yake ipo, na imetengenezwa kwa njia ileile ya kupitisha virusi katika seli mara nyingi. Dunia imejiwekea lengo la kuufuta ugonjwa huo ifikapo mwaka 2030. Mbuzi huzaa upesi, hivyo kila msimu kuna watoto wapya wasio na kinga, na mchanjaji hana budi kurudi kwenye boma lilelile tena na tena. Atakapopatikana mwanasayansi wa kukabidhiwa hundi kwa ushindi huo, atakuwa ameistahili. Idara za mifugo za Tanzania, Kenya na Uganda zianze leo kuandika majina ya wanaochanja Loliondo, Turkana na Karamoja, kijiji kwa kijiji, na kuyapeleka kwenye kamati za tuzo pamoja na la mwanasayansi. Wale wa miaka ya JP15 walio hai ni wazee sasa, na majina yao yaanze kwanza.