Sanaa ya nuru kwenye majengo ya kale

Sanaa ya nuru kwenye majengo ya kale ni kumulika kuta za jengo la kihistoria usiku kwa rangi, picha au maandishi makubwa, aghalabu pamoja na muziki na sauti ya msimulizi. Ilianza Ufaransa mwaka 1952 kwenye kasri la Chambord kwa jitihada za Paul Robert-Houdin, ikafika kwenye piramidi za Giza, Misri, mwaka 1961.

Pwani ya Waswahili mfano wake ni onyesho la sauti na nuru la ngome ya Fort Jesus, Mombasa, ambalo watalii wamekuwa wakipelekwa baada ya matembezi ya jahazi. Walinzi waliovaa kanzu huwapokea kwa mienge, kisha taa na sauti husimulia habari za ngome. Habari zenyewe hazihitaji kutiwa chumvi. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani wakaizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miezi 33, ndipo wakaiteka. Waingereza waliigeuza gereza, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. UNESCO iliiorodhesha mwaka 2011.

Siku hizi projekta zimechukua nafasi ya taa za rangi katika miji mingi. Jengo hupimwa, kompyuta ikachora umbo lake, na kila dirisha na nguzo ikapewa picha yake. Projekta ya darasani hutoa lumeni (kipimo cha nuru) 3,000 hivi. Ya kumulikia jengo hupita 20,000, na mara nyingi huunganishwa kadhaa. Lakini ukuta nao una kauli. Chokaa nyeupe hurudisha nuru vizuri, ilhali jiwe la matumbawe lililo wazi huimeza. Ukilimulika kutoka ubavuni, kila kitundu hutupa kivuli chake, na ukuta mzima huonekana kama sakafu ya bahari maji yakiwa yamekupwa. Hapo taa moja ya kawaida huweza kushinda picha nyingi, na msanii mwenye busara huanza kwa kulitazama jiwe.

Sanaa hii pia imewahi kusema maneno makali. Mwaka 1985, jijini London, msanii Krzysztof Wodiczko alitumia projekta yake kuweka alama ya swastika ya Wanazi juu ya ubalozi wa Afrika Kusini, siasa ya ubaguzi wa rangi ikiwa bado inatawala. Ilidumu saa mbili hivi kabla polisi hawajaizima. Ukuta haukupata hata mkwaruzo.

Fort Jesus ilikuwa na picha ukutani kabla ya umeme. Katika buruji mojawapo Wareno walichora merikebu na watu kwa mkaa na ngeu. Kipande cha ukuta huo kimehifadhiwa ndani ya ngome, na mchana michoro hiyo huonekana bila taa yoyote.