Taito Bado Ina Jina la Babu

Ukitoka Migori mjini uelekee kaskazini magharibi, kama kilomita 46 hivi, utafika Thimlich Ohinga. Kuta za mawe yaliyopangwa bila simiti, zimesimama tangu karne ya 16 hivi, na mwaka 2018 UNESCO ikaziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Wengi huenda pale kupiga picha, na ni sawa. Mimi huwa najiuliza kitu kingine: hili boma lilikuwa la nani? Jamii moja ilijenga ikahama, nyingine ikaja ikarekebisha ukuta na kukaa. Hakuna aliyekuwa na karatasi. Ukuta wako na watu wako ndio walikuwa ushahidi wako.

Sasa rukia leo. Rika letu linataka kununua ploti Rongo, Awendo au Oyugis, ama linangoja kukatiwa kipande cha shamba la nyumbani. Na karibu kila mara tunagonga ukuta uleule: taito ina jina la mtu aliyekufa. Hii si bahati mbaya. Ina historia, na tukiijua tutaacha kupigana bure.

Zamani, kwa Waluo wa pande hizi, ardhi ilikuwa ya ukoo. Kulikuwa na weg lowo, wenye ardhi, na jodak, wageni waliokaribishwa kulima na kujenga. Jodak wangeweza kukaa vizazi kadhaa, lakini kila mtu alijua ni wageni. Kijana alianza na simba yake ndani ya boma la baba, halafu akatoka kuanzisha dala yake. Na kaburi ndilo lilikuwa muhuri. Ukiuliza shamba ni la nani, unaonyeshwa nani amezikwa hapo. Hata mjane jina lake ni chi liel, mke wa kaburi. Wakuria wa upande wa Kehancha nao wana taratibu zao za ukoo.

Halafu karatasi ikaja. Mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni ilitoa Mpango wa Swynnerton, uliopewa jina la ofisa wa kilimo Roger Swynnerton. Wazo lake lilikuwa rahisi: mpe Mwafrika shamba lililopimwa, lenye jina moja na hatimiliki, ili aweze kukopa, kulima mazao ya biashara na kuuza. Kazi ilianza Kenya ya kati. Ikafuata Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963, kisha sheria ya 1968 ya kuamua nani ana haki gani wapi. Migori na Homa Bay zilikuwa bado wilaya moja, South Nyanza, na sehemu nyingi huku zilipimwa miaka ya 1970.

Wazee waliketi, mipaka ikaonyeshwa, jina likaandikwa. Jina la nani? Mara nyingi la mwanamume mmoja, baba mwenye boma. Wake zake hawakuandikwa, mabinti hawakuandikwa, na jodak wengi waliachwa nje kabisa. Kitu kilichokuwa na haki za watu kumi kikawa na mwenyewe mmoja.

Lakini msikimbilie kusema karatasi ilikuwa mbaya na mila ilikuwa nzuri. Mwaka 1972, katika kesi ya Obiero na Opiyo, mjane aliyesajiliwa kama mwenye shamba alishtaki wana wa mke mwenzake waliodai ardhi ni yao kimila. Alishinda. Mahakama ilisema usajili unafuta haki za kimila. Kwa huyo mama, karatasi ilikuwa ngao. Kwa wengine hukumu za aina hiyo zilikuwa panga, maana aliyeandikwa angeweza kuuza chini ya miguu ya ndugu zake.

Na hapa kwetu karatasi haikuwahi kushinda kaburi kabisa. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Parker Shipton, alifanya utafiti Kanyamkago, Migori, akaonyesha jinsi watu walivyoona ajabu wazo la kupoteza shamba lenye makaburi ya wazee kwa sababu ya deni la benki. Benki inaweza kupiga mnada, sawa. Lakini nani atakuja kulala katikati ya makaburi ya watu wengine, na majirani wote ni ukoo wao? Mwishowe sheria yenyewe ilirudi nyuma. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inatambua amana ya kimila, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Kiebia kutoka Meru, ilisema jina kwenye taito halifuti haki ya familia iliyoikalia ardhi hiyo tangu zamani. Kwa hivyo mwenye jina anaweza kuwa anawashikia wengine.

Sasa tuje kwa urithi. Sheria ya Urithi ilitungwa 1972 na ikaanza kutumika Julai 1, 1981. Baba akifa bila wosia, mke anayebaki hukaa kwenye mali maisha yake yote, na watoto hugawana sawa. Sheria inasema watoto, haisemi wavulana. Kama alikuwa na wake wengi, sheria inahesabu watoto wa kila nyumba, pamoja na mke aliye hai. Kumbe mikayi mwenye watoto wawili na nyachira mwenye saba hawagawi nusu kwa nusu. Halafu Katiba ya 2010 ikafunga mlango: kifungu cha 60 kinataka ubaguzi wa kijinsia katika ardhi uondolewe, hata kama ni wa kimila.

Na msidhani ni sisi tu tunaochanganya damu na karatasi. Ufaransa, tangu sheria yao ya kiraia ya 1804, mzazi hawezi kumnyima mtoto urithi apendavyo. Mwenye mtoto mmoja lazima amwachie nusu, mwenye wawili theluthi mbili, mwenye watatu au zaidi robo tatu. Mzee wa Paris mwenye nyumba tatu amefungwa mikono kuliko mzee wa Ndhiwa.

Kwetu Ndhiwa taito bado ina jina la babu, aliyekufa kabla sijazaliwa. Kila mwaka mtu anasema tuanze kesi ya urithi, na kila mwaka mtu anajibu kwamba kugawa ni kuita kifo, ama pesa ya wakili haipo, ama shangazi alishaolewa. Naheshimu wazee wangu, lakini hiyo ya shangazi sikubali. Jasho lake liko kwenye lile shamba kuliko langu. Kusema ukweli, nikitetea fungu lake, langu linapungua. Sawa tu. Mila tunayotaja kumnyima ni ileile tuliyoiacha siku tulipokubali taito.

Tukiendelea kungoja, nini hufanyika? Binamu mmoja anauza robo ekari kwa mkataba wa mkono, shahidi ni jirani. Mnunuzi, pengine kijana kama wewe, anajenga. Lakini kuuza ardhi ya marehemu kabla mahakama haijathibitisha warithi ni kinyume cha sheria, na kuchezea mali ya marehemu ni kosa la jinai. Hata muuzaji akiwa hai, shamba la kilimo linahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita. Bila idhini, mkataba ni karatasi ya kufungia maandazi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hatua za kwanza hazihitaji mamilioni: upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ujue jina lililopo, barua ya chifu inayotaja warithi wote, wasichana wakiwemo, kisha mahakama. Mali isiyozidi shilingi milioni 20, hakimu anaweza kuisikiliza.

Disemba hii mkienda ocha, kabla ya kuuliza utajenga wapi, uliza taito ina jina la nani. Halafu uliza ni nani hajatajwa.