Meno ya Meru na Kadi ya Bima
Kuanzia Ngarenanyuki hadi Nduruma, wengi waliolelewa kwa maji ya Mlima Meru wana meno yenye michirizi ya kahawia, alama ya floraidi. Hakuna aliyejichagulia maji hayo, kama ambavyo mtoto hachagui kurithi selimundu. Bima zetu za afya za mwanzo hapa Tanzania zililizingatia hilo: mfuko wa jamii ulioanza Igunga mwaka 1996 uliitoza kaya ada moja, na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kwa sheria ya 1999, ukakata asilimia 6 ya mshahara, nusu ikilipwa na mwajiri. Kipimo kilikuwa kaya au kipato, si damu.

Watunza mifuko wanayo hoja nzito: wakijiunga wagonjwa peke yao, mfuko hukauka. Ndiyo sababu iliyotolewa Machi 2023 uandikishaji wa mtoto mmojammoja katika Toto Afya Kadi, bima ya watoto, uliposimamishwa. Lakini dawa yake ni kuwaingiza wazima, kama inavyokusudia sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, wala si kuchungulia vinasaba vya anayejiunga ili kumbagua. Marekani iliwakataza watoa bima ya afya kufanya hivyo mwaka 2008. Kampuni binafsi nchini nazo zikatazwe sasa, kabla kipimo cha vinasaba hakijawa rahisi kama cha malaria.