Duma Si Yule Mnyama: Historia Fupi ya Albamu Moja

Wasee wa Eldy, historia ya mbio tunaijua tangu nasari. Leo wacha niwape nyingine: albamu ya kwanza ya bendi inaitwa Duma.

Usidanganyike na jina. Si yule mnyama wa kukimbia, limetokana na neno la Kikuyu la giza. Bendi ilikuwa ya wasee wawili tu wa Nairobi: Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, ndiye alikuwa anapiga nduru, Sam Karugu alikuwa kwa gitaa na kompyuta. Hakukuwa na mpiga dramu. Midundo ni ya mashine, na inaenda kasi ambayo mkono wa mtu hauwezi.

Sasa elewa walitoka wapi. Mwaka wa 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini. Hofu hiyo haikuisha na Moi. Hadi leo ukivaa fulana nyeusi yenye fuvu, shangazi atakuuliza kama bado unaenda kanisa. Nairobi ilikuwa na bendi za roki miaka mingi, hata redio ya roki, XFM, halafu ikazimwa. Mashabiki walikuwepo, lakini milango ilikuwa michache.

Mlango ukafunguka Kampala. Mwaka wa 2019 Duma walirekodi kule, kwa studio ya Nyege Nyege, wale wa tamasha lililoanzia Jinja 2015. Albamu ikatoka Agosti 2020, nyimbo 9, wakati sisi huku tulikuwa tunakimbizana na kafyu ya korona. Shoo hakuna, lakini wahakiki wa Ulaya na Marekani wakaishika. Wimbo mmoja unaitwa "Pembe 666", mwingine "Uganda with Sam". Hiyo ya pili naiona kama stakabadhi: inakuambia kazi ilifanyiwa wapi.

Hapa ndipo inaniuma kidogo. Barabara kuu ya Nairobi kwenda Kampala inapita katikati ya mji wetu. Kila siku tunaona malori yakienda Malaba, na bado tunafikiria muziki lazima uombe ruhusa Nairobi kwanza. Duma walikuwa Nairobi tayari, na bado albamu ikazaliwa ng'ambo ya mpaka.

Mwaka wa 2024 Spikeheart alitoa albamu yake binafsi, *The Adept*, kupitia lebo yake mwenyewe, Haekalu. Huyu ni kitukuu wa Muthoni wa Kirima, field marshal wa Mau Mau. Kwa hivyo ukiniambia kelele hizi ni za wazungu, nitakuuliza: mzungu gani?

Kama uko na gitaa Langas ama Kapsoya na unangoja mtu akutambue, usingoje. Rekodi na simu yako. Mlango unaweza kuwa Kampala, unaweza kuwa wako mwenyewe. Na ukisikiza Duma, anza na sauti ya chini, mathe asije akaita pasta.