Ushuru wa bidhaa Kenya: Kipimo, fungu na tarehe vinavyoamua hatima ya kiwanda

Na Mwandishi Wetu

Hadi Desemba 26, 2024, kiwanda cha bia nchini Kenya kilidaiwa ushuru wa bidhaa wa Sh71.22 kwa kila chupa ya nusu lita iliyotoka katika ghala lake. Siku iliyofuata, chupa hiyo hiyo, ikiwa na bia ya nguvu ya asilimia 5, ilidaiwa Sh56.25.

Wakati huo huo, chupa ndogo ya pombe kali ya mililita 250 yenye nguvu ya asilimia 40 ilipanda kutoka takriban Sh89 hadi Sh100.

Tofauti hiyo ililetwa na Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Ushuru ya 2024, ambayo Rais William Ruto aliitia saini Desemba 11 mwaka huo na ikaanza kutumika Desemba 27. Sheria hiyo iliacha kuhesabu ushuru wa vileo kwa lita ya kinywaji na kuanza kuuhesabu kwa sentilita ya alkoholi halisi iliyomo ndani yake.

Kwa mwenye kiwanda, mabadiliko ya namna hii huwa na uzito kuliko tofauti ya shilingi chache katika risiti. Ushuru wa bidhaa hulipwa na mtengenezaji kabla mnywaji hajaonja, na mara nyingi kabla muuzaji wa jumla hajalipa. Kiwanda kilichokosea kuuhesabu kwa mwaka mmoja kinaweza kudaiwa fedha ambazo hakikuwahi kuzikusanya kutoka kwa wateja wake.

Msingi wa ushuru huu

Ushuru wa bidhaa husimamiwa na Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015, iliyoanza kutumika Desemba 1, 2015 na kuchukua nafasi ya sehemu ya ushuru huo katika Sheria ya Forodha na Ushuru wa Bidhaa, Sura ya 472.

Unatozwa bidhaa teule zinazotengenezwa nchini au kuingizwa kutoka nje, miongoni mwake vileo, sigara, soda, maji ya chupa, maji ya matunda na mafuta ya petroli. Baadhi ya huduma, kama vile za simu na za benki, pia hutozwa.

Hakuna anayeruhusiwa kutengeneza bidhaa hizo bila leseni ya Kamishna wa Mamlaka ya Ushuru Kenya (KRA). Deni huzaliwa pale bidhaa inapotolewa kiwandani kwa ajili ya soko la ndani. Bidhaa zinazouzwa nje ya nchi hazitozwi, ilimradi mtengenezaji aweze kuthibitisha kwamba kweli zilivuka mpaka.

Mtengenezaji aliyenunua malighafi iliyokwisha kutozwa ushuru wa bidhaa anaweza kuukata ushuru huo katika deni la bidhaa aliyoikamilisha. Haki hii husahaulika na wenye viwanda vidogo, na kusahau huko huwafanya walipe mara mbili.

Kwa kawaida malipo hufanywa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hata hivyo, Sheria ya Fedha ya 2023 iliwataka watengenezaji wa vileo walipe ndani ya saa 24 baada ya bidhaa kutoka kiwandani. Walilalamika kwamba walikuwa wakiikopesha serikali fedha ambazo wao wenyewe hawajalipwa, na sharti hilo likalegezwa mwishoni mwa 2024.

Kutoka Sh100 hadi Sh142.44

Sheria ya 2015 ilipoanza, lita ya bia ilitozwa Sh100. Kifungu cha 10 kilimpa Kamishna uwezo wa kurekebisha viwango kulingana na mfumuko wa bei, bila Bunge kupitisha sheria mpya kila mara.

Kwa njia hiyo kiwango kilifika Sh105.20 mwaka 2018, Sh110.62 mwaka 2019, Sh116.08 mwaka 2020 na Sh121.85 mwaka 2021. Sheria ya Fedha ya 2022 ilikipandisha hadi Sh134. Miezi michache baadaye, Oktoba 2022, marekebisho ya mfumuko wa bei ya asilimia 6.3 yakakifikisha Sh142.44.

Kupanda mara mbili katika mwaka mmoja kulizidisha malalamiko ya viwanda kwamba haviwezi kupanga bei. Sheria ya Fedha ya 2023 ilifuta kifungu hicho cha 10, na tangu hapo kiwango hakipandi chenyewe kwa kufuata mfumuko wa bei.

Hesabu mpya ya vileo

Katika utaratibu wa Desemba 2024, bia na mvinyo vilitozwa Sh22.50 kwa kila sentilita ya alkoholi halisi, na pombe kali Sh10 kwa sentilita.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina sentilita 2.5 za alkoholi. Zikizidishwa kwa Sh22.50 hupatikana Sh56.25. Bia ya asilimia 8 ina sentilita 4, na ushuru wake ni Sh90, ikilinganishwa na Sh71.22 za awali. Mpaka wa faida na hasara upo karibu na asilimia 6.3: bia iliyo chini ya nguvu hiyo ilipata nafuu, iliyo juu yake ikaumia.

Chupa ya mvinyo ya mililita 750 yenye nguvu ya asilimia 12 ilipanda kutoka takriban Sh182.60 hadi Sh202.50. Kwa pombe kali, ambayo awali ilitozwa Sh356.42 kwa lita, mpaka upo karibu na asilimia 35.6.

Matokeo yake ni kwamba maabara ya kiwanda imekuwa sehemu ya idara ya uhasibu. Kipimo cha nguvu kilichoandikwa kwenye lebo kikitofautiana na kile kitakachopatikana katika sampuli ya wakaguzi, tofauti hiyo inaweza kugeuka deni.

Funzo la bia ya mtama

Nguvu ya kiwango kimoja cha ushuru ilionekana wazi katika bia ya bei nafuu ya Senator Keg, iliyoanzishwa mwaka 2004 kwa msamaha wa ushuru ili kuwavuta wanywaji waache pombe haramu.

Oktoba 2013 serikali ilipunguza msamaha huo kwa nusu. Mauzo yakaporomoka kwa takriban robo tatu, na wakulima waliokuwa wamepanda mtama kwa ajili ya kiwanda wakakosa mnunuzi. Mwaka 2015 serikali ilirudi nyuma na kutoa msamaha wa asilimia 90, ambao baadaye ulishushwa hadi asilimia 80.

Msamaha huo una masharti. Bia iwe imetengenezwa kwa mtama, wimbi au muhogo uliolimwa Kenya, na iuzwe katika mapipa ya shinikizo. Kiwanda kinachobadilisha malighafi au chombo cha kuuzia kinapoteza nafuu hiyo.

Mahakama na fungu la bidhaa

Migogoro mikubwa haihusu kiwango pekee. Mara nyingi huhusu fungu: kinywaji hiki kiitweje mbele ya sheria?

Mwaka 2006 KRA iliihamisha mivinyo iliyoongezwa nguvu ya kampuni ya Keroche ya Naivasha kutoka fungu moja la ushuru hadi jingine, kisha ikadai zaidi ya Sh1 bilioni kwa miaka iliyokwisha kupita. Julai 2007, Jaji Joseph Nyamu wa Mahakama Kuu aliipa kampuni ushindi, akiona kwamba haikuwa haki kubadilisha uainishaji na kuurudisha nyuma dhidi ya mlipaji aliyekuwa akifuata fungu lililokubaliwa awali.

Ushindi huo haukumaliza mgogoro kati ya pande hizo. Machi 2020, Jopo la Rufaa za Ushuru lilitoa uamuzi uliounga mkono madai ya KRA ya zaidi ya Sh9 bilioni. Moja ya hoja ilikuwa iwapo kuizimua vodka kwa maji ni kutengeneza bidhaa mpya inayostahili ushuru wake, au ni kuendeleza bidhaa ambayo ushuru wake ulikwisha kulipwa. Jopo lilikubaliana na KRA. Kampuni ikakata rufaa.

Stempu nazo zimefika mahakamani. Machi 2018, Jaji John Mativo alizuia mpango wa kubandika stempu za ushuru kwenye maji ya chupa, soda na maji ya matunda, kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi huo, na stempu zikaanza kutumika kwa vinywaji hivyo Novemba 13, 2019. Wakati huo stempu ya chupa ya maji iligharimu senti 50, juu ya ushuru wenyewe, ambao kwa kiwango cha Oktoba 2022 ulikuwa Sh6.41 kwa lita.

Njia ya kujikinga

Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inampa mtengenezaji nafasi ya kumwandikia Kamishna na kuomba uamuzi binafsi kuhusu bidhaa yake kabla ya kuanza kuiuza. Mwombaji akieleza ukweli wote, uamuzi huo humfunga Kamishna. Akificha jambo la msingi, kinga hiyo huvunjika.

Aliyekwisha kudaiwa ana siku 30 za kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna, naye Kamishna ana siku 60 za kuamua. Asiporidhika, mtengenezaji ana siku 30 nyingine za kwenda katika Jopo la Rufaa za Ushuru, na baada ya hapo Mahakama Kuu.

Kumbukumbu za uzalishaji, malighafi, stempu na bidhaa zilizotoka ghalani zinapaswa kuhifadhiwa kwa miaka 5. Katika mizozo ya ushuru, mzigo wa kuthibitisha kwamba madai ya Kamishna ni ya makosa humwangukia mlipaji. Kiwanda kisicho na daftari la kila pipa lililojazwa huingia katika shauri hilo kikiwa mikono mitupu.